Kabla fuvu halijatobolewa: tepu au mashine?

Mtu wa Newala, mkoani Mtwara, akikutwa na uvimbe kwenye ubongo, ndugu huanza kuchangishana nauli ya Dar es Salaam. Kutoka Mtwara mjini tu ni kilomita zaidi ya 550, na hapo barabara iwe haijakatika Somanga, mkoani Lindi, kama Mei 2024. Ile mashine inayomwonyesha daktari kwenye skrini kifaa chake kimefika wapi ndani ya kichwa huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola.

Wapo wanaosema kazi hiyo ya kujua mahali pa kutoboa fuvu inafanyika kwa bei ndogo, na hoja yao si ya kubeza. Mgonjwa ananyolewa, anabandikwa vile vibandiko vya kupimia moyo upande wenye uvimbe, kisha anapigwa CT-Scan, picha za kichwa za tabaka kwa tabaka. Chuma cha kibandiko kinang'aa kwenye picha. Daktari anahesabu: ikiwa kila picha imepita milimita 5 juu ya iliyotangulia, na uvimbe uko picha 6 juu ya kibandiko, basi apande sentimita 3. Tepu ya fundi cherehani inatosha, mradi afuate mwinamo uleule wa mashine ya CT. Akipima wima wakati picha zilipigwa kwa kuinama, hesabu inapinda. Kwenye MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, ambako chuma hakifai, hubandikwa kidonge laini cha vitamini E.

Kwa uvimbe mkubwa ulio karibu na fuvu, niko upande wao. Kwa damu iliyovilia juu ya ubongo wa mzee aliyeanguka wiki kadhaa nyuma, ndiyo kabisa: tundu likikosea sentimita moja, damu bado itatoka.

Lakini uvimbe wa sentimita 1.5 uliojificha ndani, jirani na sehemu inayoendesha mkono? Hapo sentimita moja ni mkono uliopooza. Wanaodai mashine wana haki, ila wasituambie haikosei. Fuvu likifunguliwa na maji ya ubongo yakivuja, ubongo hushuka, nayo mashine huendelea kuonyesha picha ya jana. Ultrasaundi, ambayo kila mjamzito anaijua, huonyesha ubongo ulivyo dakika hiyo.

Na tepu haifungui kichwa. Daktari bingwa, mtaalamu wa usingizi na kitanda cha ICU havina toleo la bei nafuu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kibandiko chenyewe. Tuseme picha imepigwa huku Mtwara na upasuaji ni Dar. Katikati kuna jasho la basi, mtandio, na udhu, maji kichwani kabla ya swala. Ngozi ya kichwa nayo huteleza mtu akilalia ubavu. Ndiyo maana kibandiko kizungushiwe wino wa maka peni na kipigwe picha kwa simu, au bora zaidi, CT na thieta viwe hospitali moja. Vinginevyo kitadondoka usiku, nesi mwema atakiokota kwenye mto wa kulalia na kukirudisha anapodhani kilikuwa, na asubuhi daktari atapima kwa uangalifu mkubwa kutoka hapo.