Washairi wa Mbeya wasingoje mgeni rasmi

Jamani mimi niko Chicago miaka sasa, na kitu cha huku ambacho natamani sana kingekuwepo Mbeya sio barabara wala treni, ni jinsi washairi walivyo karibu na watu. Mtu anasoma shairi lake baa, maktaba, popote, hamna hata mgeni rasmi na watu wanajaa. Kuna mashindano ya kusoma mashairi wanayoita slamu, yalianzia hapahapa, Marc Smith alikuwa mfanyakazi wa ujenzi tu, akayapeleka klabu ya jazi inaitwa Green Mill mwaka 1986. Unapewa dakika 3, majaji 5 wanachaguliwa palepale kwenye wasikilizaji, kila mmoja anatoa alama 0 mpaka 10, ya juu kabisa na ya chini kabisa zinaondolewa halafu zilizobaki zinajumlishwa. Ukiboa unazomewa, ukiwagusa wanakufuata mezani kununua kijitabu chako.

Sasa kwetu mshairi anaitwa lini? Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale, Mei Mosi, au mwenge ukipita. Anaambiwa tunga kuhusu kilimo, jina la mgeni rasmi lisikosekane, akimaliza anapewa soda basi mpaka mwakani. Yale aliyotunga mwenyewe kuhusu bei ya mahindi, kuhusu marehemu mama yake, kuhusu ajali za mteremko wa Iwambi, yanabaki kwenye daftari. Inaniuma kweli.

Na wasikilizaji tunao tena wazuri kuliko wa huku. Tangu mshairi Mathias Mnyampala na ngonjera zake miaka ya 60 watoto wetu wanaghani shuleni bila karatasi, na bibi wa Tukuyu akishakishika kibwagizo ataenda nacho mpaka shambani, mtu akiguswa anainuka kumtunza mshairi hela mkononi, hiyo huku sijaiona. Kwa hiyo alama sizitaki, kutunza kunatosha.

Ninachotaka ni kiukumbi Mwanjelwa au Uyole, siku ileile kila mwezi, spika moja, na kila mtu asome alichotunga mwenyewe bila kupangiwa mada. Redio za mkoani zirekodi wa Chunya na Kyela nao wasikie. Maafisa utamaduni mnaosoma hapa, hata mwezi huu mnaweza kuanza, na spika nipo tayari kuchangia.