Alama ya chini PEPMIS isiishie kwenye barua ya onyo

Nimesoma hoja ya mwandishi mmoja kwamba walimu wenye alama za chini PEPMIS, mfumo wa kidijitali wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, wachukuliwe hatua haraka. Hatua ipi? Nimekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi hadi nikastaafu, na sijaona barua ya onyo ikimfundisha mtu jinsi ya kufundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu.

Mfumo huu uliochukua nafasi ya OPRAS, ule wa zamani wa tathmini ya watumishi, unaonyesha kazi gani haikukamilika, lakini kwa nini haikukamilika, hilo lazima mtu aende akaulize. Mwalimu huyu ana darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya 100. Yule alisomea Jiografia, kapewa Hisabati kwa sababu hakuna mwingine. Mwingine anafundisha vizuri kabisa, ila shuleni kwake mtandao haushiki, kwa hiyo taarifa zake hazijaingia. Wazembe pia wapo, tusidanganyane, na kwao sheria ipo. Lakini kuwaweka wote kapu moja ni uonevu.

MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ilianzishwa kwa ajili hii hii: walimu wakae kwenye jumuiya ya ujifunzaji, mwenye uzoefu aingie darasani kwa mwenzake, atazame kipindi kizima, kisha wakae faragha wapange upya andalio la somo. Shule kadhaa ninazozijua hukutana tu wakisikia mgeni anakuja! Wekeni muda huo kwenye ratiba, na maafisa elimu kata, ambao wakifika huomba daftari la mahudhurio, waombe kwanza kuona kipindi.