Muulize Mgonjwa Anafanya Kazi Gani

Mfanyakazi anayesimama kwenye mashine kutwa hujifunza mapema kutokunywa maji. Kiu anayo. Lakini kwenda chooni mpaka aombe ruhusa, na dakika zake zinahesabiwa, kwa hiyo anabana mkojo hadi jioni. Miezi haipiti mingi, anaanza kukojoa kwa maumivu. Akifika zahanati anapewa dawa na kuambiwa anywe maji kwa wingi. Ushauri ni sahihi, ila hana namna ya kuufuata.

Inaniuma tunapozungumzia afya kana kwamba kila mtu huamka asubuhi akachagua kuwa mzima au mgonjwa. Mwaka 1700 daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, aliwasihi wenzake waongeze swali moja kwa mgonjwa: unafanya kazi gani? Hadi leo mtu anaweza kupimwa presha na sukari, akahubiriwa kuhusu chumvi, akaondoka bila kuulizwa hilo.

Vumbi la mawe linaloharibu mapafu ya mchimbaji angalau tunaliona. Kilichonifungua macho mimi ni utafiti ulioanza London mwaka 1967, ukifuatilia wanaume zaidi ya 17,000, wote watumishi wa serikali. Hakuna aliyebeba zege, hakuna aliyeshinda njaa. Hata hivyo, matarishi na mabawabu walikufa kwa kiwango cha takriban mara tatu ya wakuu wao, na kila ngazi ilikuwa na afya mbovu kuliko ile iliyo juu yake. Sigara ilieleza sehemu tu ya pengo hilo. Utafiti uliofuata, ulioanza 1985, uligundua kwamba asiye na kauli juu ya kazi yake mwenyewe yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo.

Halafu kuna saa. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulisababisha vifo 745,000 vya kiharusi na moyo mwaka 2016. Tusiseme walijitakia. Mshahara usipotosha, saa za ziada huwezi kuzikataa.

Yule wa kwenye mashine atarudi zahanati na maumivu yale yale, ataandikiwa dawa ile ile. Anachohitaji ni kwenda chooni anapobanwa. Hilo daktari hawezi kumwandikia. Msimamizi wake anaweza kumruhusu, kesho asubuhi.