Antena Ndogo na Waya Unaoibeba

Anayejifunza kubuni antena bapa ya bendi pana sana hapa Unguja huanza na swali moja: itakuwa ndogo kiasi gani? Swali si baya. Kifaa cha kufuatilia makontena bandarini Malindi hakiwezi kubeba antena ya ukubwa wa sahani. Ubao wa FR4, yaani ule wa nyuzi za kioo na gundi unaochapishiwa saketi, ni wa bei nafuu, na ukipunguza shaba ya nyuma, ile inayoitwa ardhi, antena iliyokuwa ikishika asilimia chache tu za masafa ya mawimbi hufunguka kutoka gigahezi 3.1 hadi 10.6, bendi iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2002.

Lakini mtu akisema "iongezeni ukubwa kidogo", huonekana amepitwa na wakati. Hilo linanisikitisha, maana ana hoja. Kwenye gigahezi 3.1 wimbi lina milimita 97 hivi, na robo yake, ambayo antena ya aina hii huihitaji, ni 24. FR4 hukipunguza kipimo hicho kiasi, haikifuti.

Ushahidi unaoletwa siku zote kwamba antena ndogo inafaa ni grafu ya nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, iliyoshuka chini ya desibeli -10, yaani asilimia 90 ya nguvu haikurudi. Haikurudi, sawa. Imekwenda wapi? Rizista ya omu 50, kijipande cha kuzuia umeme kisichorusha wimbi, hufaulu mtihani huo kuliko antena yoyote, na nguvu yote huishia kuwa joto. Uzuri wa mkakasi, huo. FR4 nayo hula nguvu, na hula zaidi masafa yakipanda. Tena ardhi ikiwa finyu, mkondo hutambaa juu ya ganda la waya wa kupimia, ule unaoiunganisha antena na kipimo, na waya unageuka sehemu ya antena. Mezani grafu inapendeza. Itie antena hiyohiyo ndani ya kifaa chenye betri ya kidonge, bila ule waya, uone masafa ya chini yanavyodhoofika.

Vijana wasiache kuzipunguza. Ila wakati wa kupima, waushike waya kwa mkono: grafu ikicheza, waya unashiriki kazi. Wapime pia nguvu inayotoka kwenda hewani, si inayorudi tu. Kisha waiache antena rafuni masika nzima, hewa ya kwetu inapolowesha hata nguo kabatini. FR4 hunywa unyevu, na uwezo wa maji kuhifadhi umeme ni karibu mara 80 ya ule wa ombwe ilhali wa ubao ni kama mara 4.4, kwa hiyo masafa huteremka. Grafu ya mwezi Juni iwekwe pembeni ya ile ya Februari.