Fimbo 14 na Bakora ya Mama Mkwe

Msimu ukifa Malindi, sisi tunaolinda nyumba za wageni kila mtu na msiba wake. Jirani yangu ameachiwa mbwa. Mimi nimeachiwa fimbo za gofu, 14. Sheria ya mchezo wao hairuhusu mtu kuingia uwanjani na zaidi ya hizo, na aliyeitunga namwombea dua kila Jumamosi, maana wangeruhusu 30, wa kuziosha ni mimi.

Tajiri wangu alirudi kwao Italia masika ilipoanza kunukia, na bahari kugeuka rangi ya chai kwa tope la Mto Sabaki. Tangu hapo ni sauti kwenye simu. Maji ya vuguvugu, si ya moto. Sabuni kidogo. Mswaki laini uingie kwenye ile mifereji ya uso wa chuma, maana uchafu ukiganda mle mpira hauzunguki anavyotaka yeye. Zile zenye vichwa vikubwa kama boribo zisilowekwe, zipanguswe tu. Mipini ya mpira nayo ioshwe, mafuta ya mikono yakizidi inateleza. Halafu kausha, pitisha mafuta kidogo kwenye chuma, halafu zivalishe kofia. Kofia! Tena ziwe kavu.

Mwanangu wa mwisho anaoga maji ya kisima, na mswaki wake umebaki nywele tatu.

Sikatai, chumvi ya hapa haina adabu. Kusi likianza kuvuma, panga, kufuli, bati, vyote vinaota kutu. Mlango wa choo changu bawaba zimeliwa, nikitaka kuingia naunyanyua kwanza kama mgonjwa, naupakata, ndiyo napita. Niliomba hela ya bawaba mbili, mtandao ukakatika. Habari za fimbo hazikatiki.

Basi Jumamosi natandika taulo barazani, nahesabu: 13. Narudia: 13. Haipo ile fupi ya kusukumia mpira shimoni. Namuuliza mama watoto, akainama kuchambua mchicha ambao ulishachambuliwa.

"Mama ameiazima. Mguu unamsumbua, na njia yote tope."

Mama mkwe! Nikatoka mbio, nikamkuta anarudi matangani, ameigeuza, kichwa cha chuma kiganjani, mpini wa mpira chini. Imemkaa kimo utadhani alipimwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe wangu. Bakora hii Mungu ambariki aliyeichonga. Haitelezi!"

Itatelezaje, nimeiosha mimi. Lakini mkwe hata usoni simtazami vizuri, nitaanzia wapi kumpokonya bakora, tena mbele ya watu waliotoka msibani? Nikambebea kikapu, nikafuata nyuma kimya, nikiitazama mali ya tajiri ikizama topeni, ikichomoka, ikizama.

Jioni, simu. Tajiri anataka picha, fimbo zote zimelazwa kwa mstari. Nikalaza 13. Ya 14 nikachukua bakora ya zamani ya mama, ya mkwaju, nikaivalisha ile kofia ndogo hadi shingoni, nikaisogeza pembeni penye giza. Nikatuma. Nikangoja huku tumbo likinguruma.

Sauti ikaingia: "Bravo! Lakini hiyo ya mwisho naona imeanza kutu. Ongeza mafuta."

Nimeipaka ya nazi.