Uzamivu wa fasihi na historia si anasa

Ndugu mwandishi, makala yako inauliza kwa nini fedha za umma ziende kwa wanaosoma uzamivu wa fasihi na historia wakati nchi inahitaji wahandisi. Wahandisi tunawahitaji, hilo sibishi. Lakini nani atasoma miswada yetu ya kale, yaani maandishi ya mkono?

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina ya tenzi na barua za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, na nyingine ziko SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika kilichoko London. Kuzisoma si kujua alifu na be tu. Katika miswada ya zamani herufi ba yaweza kusimama badala ya b, p au hata mb, na irabu mara nyingi hazitofautishi e na i. Msomaji anaamua kwa mizani ya ubeti, kwa lahaja ya mtunzi, kwa kuuliza wazee wa Lamu au Pemba. Kazi hiyo haiishi kwa miezi sita ya mkataba wa mradi, inataka miaka, na msimamizi anayeijua.

Wasimamizi wenyewe ni wachache, na wengi wanakaribia kustaafu. Kinachonikera zaidi ni mwanafunzi kulipa ada mwaka hadi mwaka huku sura ya tasnifu aliyowasilisha ikilala mezani kwa msimamizi bila hata mstari mmoja wa maoni. Andika makala kuhusu hilo, tafadhali. Vyuo viweke muda wa mwisho wa kurudisha sura, na kamati za uzamili na uzamivu ziusimamie kweli.