Leso haichaguliwi kwenye kioo cha simu

Mwezi uliopita niliagiza leso, yaani khanga, kwa simu. Picha ilikuwa safi, rangi zimekolea. Bei haikuandikwa, maana siku hizi ukiuliza bei unaambiwa "njoo inboksi", kana kwamba ni siri ya nyumba. Nikalipa kwa M-Pesa, bodaboda akaleta. Kufungua, kitu chateleza kama nailoni, hakinyonyi hata tone la maji. Nimekifanya pazia la jikoni.

Kesho yake nikashuka Biashara Street, hapa Mombasa, mtaa ambao jina la duka la Kaderdina na leso zao za "Mali ya Abdulla" linajulikana tangu enzi za bibi zetu. Walianza mwaka 1887. Nikaingia duka dogo tu la jirani, nikaonyesha ninayoitaka.

"Mama, hii ni ya nani?" kijana akaniuliza.

"Ya mkamwana wangu, amejifungua."

"Basi hii siyo. Jina lake, haya maneno yaliyoandikwa, ni kijembe, atadhani wamsema."

Mimi bila miwani nilikuwa nimeangalia pindo na mji, ile sehemu ya katikati, tu, jina sikulisoma. Akashusha nyingine, akaikunjua juu ya meza, akanipa ncha niisugue kwa vidole. Pamba, bado ina wanga wake. Fundi aliyekaa mlangoni na cherehani akaikata doti, zile leso mbili zilizoungana, na kuipinda hapo hapo, nami nimesimama.

Bei ilizidi ya simu kwa shilingi 150. Sikuzionea uchungu.

Wenye maduka wanalia kwamba simu imewaua. Wengine, niseme kweli, wamejiua wenyewe. Unaingia, muuzaji hainui macho, anatazama video. Ukigusa, "mama, kama hununui usiguse." Bei haijabandikwa popote, na ukutani kuna karatasi: mali ikiuzwa hairudi. Sasa huyo ananipa nini ambacho simu hainipi? Jasho la kupanda matatu tu.

Kushindana kwa bei hawataweza, yule wa mtandaoni halipi kodi ya mlango. Lakini yule hajui mkamwana wangu ni nani. Yule kijana sasa anayo namba yangu, na mzigo mpya ukifika hunitumia picha kwa WhatsApp. Kuchagua naenda mwenyewe.

Siku ile nilifuata doti moja, nikatoka na tatu. Ya kijembe nayo niliichukua. Nina jirani.